Spika zisizoziba masikio, kwa sisi tunaosikiliza kutwa

Kazi yangu ni kusikiliza. Watafiti wanafanya mahojiano Tanga, Mbeya, Kigoma, wananitumia sauti, nami ninaziandika neno kwa neno. Mzee anasimulia shamba la ukoo lilivyogawanywa, mama anasimulia alivyohangaika kufika kliniki na mimba ya miezi minane, na mimi niko chumbani kwangu Tabata, feni inazunguka, narudisha nyuma sekunde chache, nasikiliza tena, naandika. Kwa hiyo nikizungumzia spika za masikioni, muziki unakuja mwisho. Ninachotaka kujua ni kama nitamsikia bibi aliyekaa mbali na kinasa sauti, na kama nitaweza kuzivaa kuanzia asubuhi hadi alasiri bila sikio kuuma.

Kwa miaka nilitumia zile zenye vimpira vya silikoni, zinazoingia tunduni na kuliziba sikio. Sauti yake ni nzuri, sina ugomvi nazo kwa hilo. Yalinitoa huko mambo mawili. La kwanza ni joto la Dar. Ziba tundu la sikio kwa saa kadhaa mwezi wa Februari uone: mle ndani panalowa jasho, na unyevu pamoja na joto ndiyo mazingira fangasi wanayoyapenda. Nilianza kuwashwa, nikaenda kwa daktari wa masikio, akanichungulia, akanisafisha, akanipa dawa ya matone na kuniambia sikio langu lipate hewa. La pili ni mama yangu. Ninaishi naye, ana kisukari, na akiniita huita mara moja tu, kwa sauti ya chini, kisha anajaribu kuinuka mwenyewe. Sitaki kuwa nimejifungia ndani ya sauti za watu wa Kigoma wakati mama anashika ukuta kwenye korido.

Ndipo nikaanza kutafuta spika ambazo zinaliacha tundu wazi. Nimezijaribu za kwangu, za kuazima kwa wadogo zangu na za wenzangu wa kazi, na haya ndiyo niliyoyaona.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini, maana dukani zote zinatupwa kwenye fungu moja. Zile za kukaa mlangoni mwa sikio bila kimpira ndizo kongwe. Spika nyeupe zilizokuja na iPod mwaka 2001 zilikuwa hivyo, EarPods za 2012 zilikuwa hivyo, na AirPods za kwanza zilizoingia sokoni Desemba 2016 zilirithi umbo hilohilo, waya ukaondoka. AirPods 4, zilizotangazwa Septemba 2024, bado hazina kimpira. Galaxy Buds3 za Samsung za mwaka huohuo nazo ni hivyo, na ni rahisi kuzichanganya na Buds3 Pro ambazo zina vimpira, kwa hiyo soma boksi. Halafu kuna za kulabu, mkono wake unapita juu ya sikio na spika inaning'inia mbele ya tundu bila kuligusa; Shokz walitoa OpenFit mwaka 2023 na baada yao kampuni nyingi zikafuata. Kuna za kubana, zinazoshika ukingo wa sikio kama hereni ya kubana: Huawei FreeClip za mwisho wa 2023, Bose Ultra Open za mwanzo wa 2024. Na Sony walifanya jambo la peke yao mwaka 2022 kwa LinkBuds, spika yenyewe ina tundu katikati, sauti ya nje inapita humo.

Zile zinazopitisha mtetemo kwenye mfupa wa shavu ni habari nyingine, sizigusi leo.

Sasa, kwa nini besi inapotea? Kila anayezivaa mara ya kwanza hulalamikia hilo, na dada mmoja aliniambia alidhani yake ni mbovu. Sio mbovu. Sikio likizibwa, spika inasukuma kile kihewa kidogo kilichofungiwa tunduni, na hata spika ndogo inaweza kukitikisa vya kutosha. Sikio likiwa wazi, hewa inatorokea pembeni, na sauti nzito ndizo zinazotoroka zaidi. Watengenezaji wanapambana nalo kwa kuweka spika kubwa, ndiyo maana Galaxy Buds Live za 2020 na hizo LinkBuds zote zina spika ya milimita 12, na kwa kuikuza besi kwa programu. Bado, kama wewe ni mtu wa singeli na unataka ngoma ikupige kifuani, spika wazi hazitakutosheleza, na hakuna muuzaji atakayekubadilishia hilo.

Kwa mazungumzo mambo ni tofauti kabisa. Simu za mezani za zamani zilipitisha sauti za kati tu, takriban hertzi 300 hadi 3400, na watu walioana, wakauziana viwanja na kupeana taarifa za msiba kwa sauti hizo. Maana ya maneno yetu iko kwenye zile za kati na za juu, kwenye konsonanti. Na hapo spika wazi nyingi ni nzuri, wakati mwingine nzuri kuliko za kuziba, kwa sababu za kuziba huongeza besi mpaka sauti ya mzee mnene inakuwa kama inatoka ndani ya pipa.

Kipimo changu ni kimoja na kinanisaidia kuliko vipimo vyote nilivyosoma. Mwambie mtu unayemwamini akurekodie kwenye simu, akiwa amekaa hatua tatu hivi mbali nayo, asome taratibu: hana shamba, ana shamba. Hatakuja, atakuja. Suka, shuka. Fua, vua. Asitamke kwa mkazo, asome kama anavyoongea. Kisha vaa spika unazozipima, mwambie asikuonyeshe mpangilio, uandike ulichosikia. Herufi h ni pumzi tu, haina nguvu, na kwenye lugha yetu pumzi hiyo ndiyo inayotenganisha mwenye shamba na asiye na shamba. Nikikosea hapo, mtafiti anapelekewa jibu lililo kinyume cha alichosema mhojiwa.

Na kuna mtego ndani ya mtego, wa Bluetooth wenyewe. Spika nyingi zisizo na waya, ziwe wazi au za kuziba, zinalala kidogo pale sauti inaponyamaza ili kuokoa betri. Ukibonyeza kucheza, zinaamka, lakini ile sehemu ndogo ya mwanzo imeshapita. Kwa wimbo hutagundua. Kwangu mimi ninayesimamisha na kuendeleza kila baada ya sentensi, kinachomezwa ni silabi ya kwanza ya kila kipande, na silabi ya kwanza ya kitenzi ndipo ukanushi wetu ulipokaa. "Hatukulipwa" likikatwa linabaki "tukulipwa", hapo sikio linashtuka kwa sababu neno halijakaa sawa. Lakini "hana bima" likikatwa ile pumzi ya h tu linabaki "ana bima", sentensi safi kabisa, inapita bila kukushtua. Kwa hiyo nimeipanga programu yangu ya kuandikia irudi nyuma sekunde moja na nusu kila ninaposimamisha. Programu nyingi za kazi hii zina mpangilio huo. Na nikipima pea mpya, nacheza na kusimamisha haraka haraka nione inameza kiasi gani. Zinatofautiana sana katika hilo, na boksi halisemi.

Mambo ya chumbani. Asubuhi nikiwa na spika wazi, sauti ikiwa chini, namsikia mhojiwa wangu na namsikia mama akikohoa. Nasikia sufuria ya maharage ikianza kufurika kwenye jiko la mkaa huko uani. Namsikia muuza samaki akipita na baiskeli yake, na kwa kuwa sikio liko wazi naweza kumwita dirishani na kumuuliza kama ana vibua bila kuvua chochote, bei nikaisikia vizuri. Sauti yangu mwenyewe naisikia kama kawaida. Hilo wengi hawalifikirii mpaka walipate: ukiziba masikio, unapoongea sauti inavuma kichwani, ukitafuna ni kama mtu anavunja kuni, na ukipokea simu unajikuta unapayuka. Kwa spika wazi naongea na simu kwa sauti ya kuongelea ndani ya nyumba.

Feni ni adui mdogo. Ikiwa kasi ya kwanza, hakuna shida. Ikiwa ya tatu, na mhojiwa ni mtu wa kunong'ona, zile h na f zinazama kwenye upepo. Naigeuza ielekee miguuni badala ya kichwani na mambo yanaendelea.

Mvua ndiyo adui mkubwa. Nyumba yetu ina bati, na chumba changu hakina dari. Masika inapopiga, spika wazi zimekwisha kazi, huwezi kusikia hata muziki sembuse bibi wa Kigoma. Hata zenye uwezo wa kupunguza kelele hazisaidii hapo. AirPods 4 zina toleo lenye uwezo huo na Galaxy Buds Live walilijaribu tangu 2020, na kwa mngurumo wa injini au wa kiyoyozi inasaidia kiasi. Lakini sikio halijazibwa, na mlio wa matone ya mvua kwenye bati, sahani zinazogongana, watu wanaobishana, vyote vinaingia moja kwa moja. Kama nyumba yako ina bati bila dari, hesabu hilo kabla hujatoa pesa. Mimi mvua ikinyesha ama narudia zile za vimpira kwa muda mfupi, ama nafunga kompyuta.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningependa kila mtu alisome hata akiruka mengine yote.

Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo: sauti ya desibeli 80, mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki. Kila desibeli tatu zikiongezeka, muda salama unakatwa nusu. Kwenye desibeli 90 unabaki na saa nne tu, kwa wiki nzima. Shirika hilohilo linakadiria kwamba vijana zaidi ya bilioni moja duniani wako kwenye hatari ya kupoteza usikivu kwa namna wanavyosikiliza. Mimi kazi yangu peke yake inakaribia saa 40. Maana yake, nikisikiliza kazi kwa sauti ya juu, sina akiba ya daladala, sina akiba ya taarabu ya Jumapili, sina akiba ya chochote. Na usikivu ukishaondoka kwa sababu ya kelele, haurudi; vile vinyweleo vidogo vya ndani ya sikio vikifa havioti tena. Kwangu hilo ni sawa na kuuza jembe.

Spika wazi zinakuhadaa hapa. Ndani ya nyumba tulivu ni salama kuliko zote, kwa sababu unasikiliza kwa sauti ndogo na sikio linapumua. Ndani ya daladala ya Kariakoo zinageuka. Injini inanguruma, konda anapiga bati "Sheli wapo? Sheli!", redio ya dereva iko juu, na wewe unataka kusikia. Kwa kuwa hakuna kinachozuia kelele, unachoweza kufanya ni kuongeza sauti mpaka iishinde. Unaongeza kidogo Tabata, unaongeza tena Buguruni, na ukifika Kariakoo ukashuka, ukienda mahali pa kimya utashtuka ilivyo juu. Mwenye spika za vimpira kwenye basi hilohilo hahitaji kupandisha hivyo, kwa sababu kimpira kimeshapunguza kelele nusu ya njia.

Kwa hiyo ninazipima hivi. Nikiwa chumbani kwangu kimya, naweka sauti kiasi ambacho nasikia kila neno, naangalia mstari wa sauti kwenye simu uko wapi. Hicho ndicho kiwango changu. Mahali popote ambapo kiwango hicho hakinitoshi, hapo si mahali pa spika wazi. Sipandishi. Nazima, naziweka kwenye kasha, naangalia dirishani au naongea na jirani wa siti. Wenye iPhone wanaweza kuona kwenye programu ya Afya walivyosikiliza wiki nzima kwa desibeli. Simu nyingi za Android nazo hutoa onyo ukivuka kiwango. Usilibonyeze lile onyo likaondoka bila kulisoma.

Barabarani nikitembea, wanaosifia spika wazi husema ni usalama, na ni kweli kwa sehemu. Njia yangu kutoka kituoni haina pa kutembea watu wa miguu, bodaboda wanatokea nyuma na mbele, na honi naisikia vizuri. Ila kusikia honi na kuwa na akili barabarani ni vitu viwili. Mahojiano yakinivuta, nasikia pikipiki lakini sijali iko upande gani. Kuvuka Barabara ya Mandela nasimamisha sauti, kila mara.

Siri ya kazi inaniletea suala jingine, la sauti kuvuja. Watu waliohojiwa waliahidiwa kwamba maneno yao hayatasikika na mtu mwingine. Spika wazi inapiga sauti nje ya tundu, kwa hiyo aliye karibu anaweza kupata kitu. Watengenezaji wanajitahidi kuielekeza sauti kwenye tundu na kuiua inayotoka pembeni, na nyingine wamefaulu kwa kiasi kikubwa. Namna ya kujua ni kumvisha mtu mwingine, uweke sauti ya kiwango chako cha kazi, kisha wewe ukae ubavuni kwake kama mnavyokaa kwenye benchi la zahanati. Kwenye pea nzuri nilisikia kama mnong'ono usioshikika. Kwenye pea ya bei rahisi nilisikia maneno, nikaweza hata kutaja mkoa anaotoka msemaji. Tangu hapo sifungui sauti ya kazi nje ya nyumba nikiwa na spika wazi za aina yoyote, hata zile nzuri.

Dada zangu mnaovaa mtandio, na mnaosuka, hili ni lenu, maana wanaume wanaoandika mambo ya spika hawaligusi. Za kulabu, ukivaa miwani na mtandio juu yake, vitu vitatu vinagombea sehemu moja nyuma ya sikio, na mtandio unavikandamiza. Mchana mmoja ukipita pale juu panauma. Ukiwa huna miwani ni nzuri sana, hazidondoki hata ukiinama kuchota maji. Za kukaa mlangoni mwa sikio, mtandio unazishikilia, ila ukiugeuza au ukiurekebisha zinaburutwa pamoja nao. Za kubana ndizo zinazokaa vizuri zaidi chini ya kitambaa kwa sababu zinashika sikio lenyewe. Ukiwa na hereni kubwa, zisogeze spika juu kidogo ya ndewe, lakini usizipandishe mno, spika itaelekea kusikokuwa na tundu na sauti itafifia. Rasta nzito zilizofungwa nyuma husukuma sikio mbele, na pea iliyokukaa vizuri ukiwa umenyoa inaweza isikukae ukisuka. Ijaribu ukiwa na mtindo unaokaa nao siku nyingi.

Na maiki zinafunikwa. Ukipiga simu, kitambaa kinachogusa vitundu vya maiki kinatoa mkwaruzo ambao wewe huusikii, anayekusikia ndiye anayeteseka. Mpigie mtu anayekuambia ukweli, tembea tembea, geuza shingo, muulize. Shifoni ngumu inakwaruza kuliko pamba. Halafu zile za kugusa kwa kidole, mtandio nao ni kidole: simu inakatika, sauti inasimama, msaidizi wa simu anaamka kukuuliza unataka nini. Kama programu yake inakuruhusu kuzima miguso, zima. Kama hairuhusu, usinunue.

Kwa wanaofanya vikao kwenye kompyuta, hili liwekeni akilini. Mkianza kutumia maiki ya spika hizo, Bluetooth ya kawaida inahamia kwenye njia ya simu, na sauti mnayosikia inashuka ghafla, inakuwa nyembamba kama ya redio ya mbali. Watu wanadhani intaneti imeharibika. Dawa ni kwenda kwenye mipangilio ya sauti, kuchagua spika za masikioni kwa kusikilizia tu, na maiki iwe ya kompyuta yenyewe. Mfumo mpya wa Bluetooth uliotangazwa mwaka 2020, LE Audio, umetengenezwa kuondoa tatizo hili, lakini lazima kompyuta na spika vyote viwe nao.

Betri nitapita haraka. Tarakimu za kwenye boksi zipo: AirPods 4 wanasema saa tano, na 30 pamoja na kasha, OpenFit za kwanza saa saba na 28. Siku ya kazi ina zaidi ya hapo. Mahojiano mengi yamerekodiwa kwa maiki moja, masikio yote mawili yanapata kitu kilekile, kwa hiyo navaa upande mmoja, wa pili unachaji kwenye kasha, nabadilisha baada ya chai ya saa nne. Siku nzima inaisha bila kukwama, na sikio moja linapumzika kabisa. Hakikisha tu pea yako inakubali kufanya kazi upande wowote peke yake. Nyingine za zamani upande mmoja ni mkuu na wa pili unamfuata. Baada ya miaka michache betri hizi ndogo zinachoka zote, na nyingi hazijatengenezwa kufunguliwa, kwa hiyo usinunue iliyotumika kwa bei ya karibu na mpya.

Maji: ukiona kwenye boksi IP54, tarakimu ya kwanza ni kinga ya vumbi, ya pili ni kinga ya maji ya kurukiwa. Ukiona IPX4, X inamaanisha vumbi halikupimwa. Jasho na manyunyu ni sawa, kuogelea hapana. Zifute kwa kitambaa kikavu kabla hujazirudisha kwenye kasha, maana jasho lina chumvi na chumvi inakula vile vituo vya kuchajia.

Kuhusu pesa. AirPods 4 zilitoka kwa dola 129, zenye kupunguza kelele 179. Bose Ultra Open dola 299. Hizo ni bei za Marekani, kufika hapa ni hadithi nyingine. Chini yake kuna Oraimo, ambao ni wa Transsion wenye Tecno, Infinix na itel, na kuna majina mengi ya Kichina yanayofanya kazi yake vizuri kwa mazungumzo. Kisha kuna lundo la Mtaa wa Aggrey lililoandikwa majina makubwa. Muuzaji atakuambia, "Dada, hii orijino kabisa, angalia hata picha inatokea kwenye simu." Ile picha inayotokea kwenye iPhone ukifungua kasha, za kuiga nazo zinaileta, na namba ya kwenye boksi inaweza kuwa imenakiliwa kutoka pea halali. Usiamue kwa hivyo. Kama bajeti ni ndogo, chukua pea yenye jina dogo la kweli inayotoa risiti na dhamana, kuliko jina kubwa la uongo.

Dukani, futa kwa spiriti kabla ya kuvaa, maana zimeshaingia masikio ya watu. Vaa zote mbili, tikisa kichwa, inama, cheka, tafuna. Masikio ya mtu hayafanani, la kushoto linaweza kushika na la kulia likaachia, na spika wazi hazina saizi za kubadilisha kama vimpira. Fungua ile rekodi yako ya hana na ana, sikiliza palepale na kelele za Kariakoo zikiwepo, kisha omba uingie ndani mwisho wa duka usikilize tena. Piga simu moja. Muuzaji atakayekukatalia mambo hayo, mshukuru uende duka la pili, yamejaa mtaa mzima.

Mimi kwa sasa natumia za kubana kwa kazi na za vimpira kwa siku za mvua na kwa basi refu la kwenda Tanga, kwa muda mfupi mfupi. Sikio halijawasha tena. Shemeji yangu, ambaye anaendesha bajaji na alitaka nimnunulie kama zangu, nimemwambia hapana: akiwa kazini avae upande mmoja wa kupokelea simu tu, akiwa amesimama, na kama ni muziki asubiri afike nyumbani.